Kipimo cha ngozi kilisoma sifuri, na mama alishamuuguza mjomba

Naandika hii kwa mtu ambaye ndani ya nyumba yake kuna mgonjwa wa baridi yabisi, ile ya kweli ya kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe, sio gauti wala maumivu ya magoti ya uzee, na dokta ameshawaambia kwamba vidonge vimefika mwisho sasa inabidi kuanza zile sindano za kibaiolojia. Kabla ya sindano mtaambiwa mgonjwa apimwe TB, sio TB ya kukohoa, ile iliyolala. Na hapo ndo kuna mambo ambayo nilitafuta sana mtu aliyeyaandika kwa Kiswahili nikakosa, kwa hiyo nimeamua kuyaweka hapa kwa urefu, maana mamaangu ameyapitia yote na mimi ndo nilikuwa nabeba faili.

Nianze na lile ninalotaka ulishike hata kama hutafika chini. Kipimo cha TB iliyolala hakimtafuti mdudu wa TB. Kinaiuliza kinga ya mwili kama imewahi kukutana naye. Sasa mgonjwa wa baridi yabisi kinga yake imeshavurugwa na ugonjwa, halafu juu yake ikapunguzwa nguvu na dawa, kwa hiyo akipimwa jibu likatoka hasi, hasi hiyo haina uzito wa hasi ya mtu mwenye afya yake. Lazima iwekwe mezani pamoja na vitu vingine na kikubwa kati ya hivyo ni historia ya nyumba, yaani nani alikohoa, lini, na nani alikuwa anampelekea uji.

Mama alikaa Mererani miaka ya tisini, alikuwa mama ntilie, anawapikia wanaapolo, yaani wachimbaji wa tanzanaiti. Wanaojua Mererani wanajua watu walivyokuwa wanaishi, chumba kimoja watu sita, wanashuka mgodini wanapanda wamejaa vumbi mpaka kope, na vumbi lile la miamba likishaingia kwenye mapafu miaka na miaka linaharibu kifua na kumfungulia njia TB, ndo maana wachimbaji wanaumwa TB kuliko watu wengine kwenye nchi nyingi zenye migodi. Mama yeye hakushuka mgodini. Alikuwa juu na sufuria zake. Lakini chumba alichokuwa analala ndo hicho hicho.

Baridi yabisi ilimwanza baadaye sana, tumeshahamia Arusha. Ilianza kwenye vidole vya mikono yote miwili, asubuhi hawezi kukanda unga, hawezi kufunga vifungo vya gauni, mpaka jua lipande ndo mikono inaachia. Akaambiwa ni gauti, akaacha nyama, akapakwa dawa za kuchua, akawa anatumia dexa, vidonge vya steroidi, za kununua duka la dawa kwa sababu zilikuwa zinamwinua kitandani kweli (hili la dexa likumbuke, linarudi mbele). Miaka ikapita hivyo hivyo mpaka alipoonwa na daktari bingwa wa viungo, akapimwa damu kipimo cha anti-CCP, kile cha kutafuta baridi yabisi, akaanzishiwa metotreksati ya kutuliza kinga mara moja kwa wiki, foliki asidi, na predinisoloni, ambayo nayo ni steroidi. Alipata nafuu ya kueleweka kabisa, akarudi jikoni. Halafu ugonjwa ukarudi kwa kasi, kiganja kimoja kikaanza kupinda, na ndo likaja suala la adalimumabu, moja ya zile sindano za kibaiolojia, inachomwa chini ya ngozi kila baada ya wiki mbili. Tulikaa kikao cha familia, tukachangishana, kila mtu akataja kiwango chake.

Sasa kwa nini TB. Mtu akivuta hewa yenye bakteria wa TB, mara nyingi kinga inawazingira, seli nyeupe zinajikusanya kuwazunguka na kuwafungia humo, hawafi wote lakini hawatoki. Mtu huyo haumwi, hakohoi, hamwambukizi mtu. Hiyo ndo TB iliyolala. Shirika la Afya Duniani linakadiria karibu robo ya watu wote duniani wanayo, na kati yao ni kama asilimia 5 mpaka 10 tu ndo inakuja kuamka siku moja maishani. Tanzania na Kenya zote zilikuwa kwenye orodha yao ya mwaka 2021 mpaka 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, kwa hiyo mtu mzima wa huku mwenye TB iliyolala ni jambo la kawaida kabisa, mimi mwenyewe nililala chumba kile cha Mererani utotoni na inawezekana ninayo.

Kinachowafunga wadudu wale kinahitaji kemikali ya mwili inayoitwa TNF. Na TNF hiyo hiyo ndo inayowasha moto kwenye viungo vya mgonjwa wa baridi yabisi. Adalimumabu, infliksimabu na ndugu zake kazi yao ni kuizima. Wanapoizima viungo vinapoa, na pale kwenye mapafu zile seli zilizokuwa zimewafungia wadudu zinaachia.

Hili liligundulika kwa uchungu. Infliksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa utumbo, mwaka uliofuata kwa baridi yabisi. Mwaka 2001 daktari Joseph Keane na wenzake wakachapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuanza dawa hiyo. Nusu yao waliumwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Na zaidi ya nusu TB haikuwa kwenye mapafu peke yake au haikuwa kwenye mapafu kabisa, ilikuwa kwenye tezi, tumboni, kwenye utando wa ubongo, au imesambaa mwili mzima. Haraka ile ndo iliwaonyesha kwamba hawa wengi hawakuambukizwa upya, walikuwa nayo imelala tangu zamani. Kuanzia hapo ikawa sheria, hupati sindano hizi bila kupimwa kwanza.

Mama akapimwa kipimo cha ngozi, ambacho kwanza kukipata ilikuwa kazi, tulizunguka maana dawa yake ilikuwa imeisha sehemu mbili za kwanza. Dawa yenyewe ni tuberkulini. Ina historia ndefu, Robert Koch aliitangaza mwaka 1890 akidhani ameponya TB, haikuponya, na baadaye Clemens von Pirquet na Charles Mantoux wakaigeuza kuwa kipimo. Wanachoma kidogo sana, sehemu ya kumi ya mililita, kwenye ngozi ya mkono upande wa ndani, unarudi baada ya saa 48 mpaka 72 wasome. Wanachosoma ni uvimbe mgumu unaoshikika kwa kidole, sio wekundu, wanapima upana wake kwa milimita. Kwa mtu wa kawaida kwenye nchi kama zetu wengi wanaanzia milimita 10 kuita chanya, kwa mtu anayetumia dawa za kushusha kinga au mwenye VVU wanashuka mpaka 5, kwa sababu wanajua kinga yake haiwezi kuvimbisha sana.

Mama mkono ulikuwa laini kabisa. Sifuri. Dokta kijana aliyesoma akaandika hasi, akasema mama yupo salama tuanze sindano wiki ijayo, na kwa kweli sisi tulifurahi, mama akapiga simu kwa shangazi zangu kuwaambia.

Bingwa wake ndo aliyesimamisha. Alivyotueleza ni hivi, na mimi nimeshindwa kupata maelezo mazuri zaidi ya haya yake: kipimo hiki ni sawa na kwenda kumuuliza mlinzi kama mwizi alishawahi kuingia kwenye uwanja. Mlinzi mzima macho akisema hajaingia, unalala. Mlinzi aliyepewa dawa za usingizi akisema hajaona mtu, umejua nini? Mama alikuwa na predinisoloni kwa miezi, na kipimo kile kinajulikana kuzimwa na predinisoloni ya miligramu 15 au zaidi kwa siku ukiitumia mwezi na kuendelea. Na kabla ya hapo kulikuwa na zile dexa. Mtu anayenunua dexa mtaani bila kumwambia daktari, daktari anasoma sifuri ya mkono akidhani mlinzi yupo macho. Tafadhali sema kila kitu mnachokunywa, hata za kienyeji, maana kuna za kienyeji zimeshawahi kukutwa zimechanganywa na steroidi.

Lakini hata bila steroidi baridi yabisi yenyewe inapunguza jibu. Wapo madaktari wa Lima huko Peru, nchi ambayo TB ni nyingi na watoto wanachanjwa BCG, ile chanjo ya TB, kama huku kwetu, walilinganisha wagonjwa wa baridi yabisi na watu wasio na ugonjwa huo wa mji ule ule, wakachapisha mwaka 2005. Kwa watu wa kawaida ni kama robo tu waliosoma hasi. Kwa wagonjwa wa baridi yabisi ni karibu 7 kati ya 10. Watu wa mji mmoja, hewa moja, daladala zile zile, haiwezekani TB iliwachagua kiasi hicho. Ni kinga iliyoshindwa kujibu. Mimi nilipoelewa hili nilikasirika, kwa sababu ni kitu kilichojulikana miaka mingi na bado karatasi ya mama iliandikwa hasi bila neno lolote la ziada pembeni.

Basi bingwa akafunga faili, akamgeukia mama. Huyu daktari ana utaratibu wa kumwamkia mgonjwa aliyemzidi umri, kwa hiyo mama alikuwa ameshamzoea, anaongea naye vizuri.

"Mama, kule Mererani ulikuwa unakaa na nani?"

"Na kaka yangu, dokta. Na watoto wangu."

"Kaka yupo?"

"Yupo, anaendelea vizuri."

"Alishawahi kuumwa kifua?"

"Alikuwa na pumu."

Na mimi pale nimekaa najua hivyo hivyo, mjomba alikuwa na pumu, ndo tulivyolelewa. Dokta hakubisha. Akauliza hiyo pumu alimeza vidonge vya kila siku kwa muda gani, na je mkojo wake ulikuwa unabadilika rangi unakuwa wa machungwa. Mama akanyamaza. Akaniangalia mimi, akarudi kwa dokta, akasema, "Ulikuwa mwekundu. Mpaka tukadhani ni damu."

Ile ni rifampisini. Kwa kweli hakuna dawa ya pumu inayofanya hivyo. Ikatoka sasa hadithi nzima, mjomba alikohoa karibu mwaka, akakonda, akatema damu, mama ndo alikuwa anamuuguza kwenye chumba hicho hicho kimoja anambadilishia shuka, mwisho wakampeleka Kibong'oto, ile hospitali ya TB ya kule Siha ya tangu enzi za mkoloni, akalazwa, akapona. Na waliporudi wakakubaliana nyumbani kwamba ilikuwa pumu. Kwa nini? Kwa sababu miaka ile mtu akisikia TB anamalizia mwenyewe kwamba ni ukimwi, na mjomba alikuwa hajaoa, na mama alikuwa anauza chakula, nani angekula kwake? Sikumlaumu mama hata kidogo. Ila fikiria, mkono umesoma sifuri, na mtu pekee mwenye jibu amelifunga kwa zaidi ya miaka ishirini ili watoto wake wapate ada.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naamini ndo mahali ambapo vipimo vya ulaya vinatukosa. Tanzania ni nchi ambayo ilianzisha mpango wake wa taifa wa TB na ukoma mwaka 1977, daktari Karel Styblo akiwa mmoja wa waliousimamia, na namna walivyopanga dawa zitolewe na mgonjwa asimamiwe akimeza ndo dunia nzima ikaja kuiga baadaye. Tumetibu watu wengi sana. Maana yake karibu kila ukoo una mtu aliyetibiwa, na karibu kila ukoo una jina jingine walilompa ugonjwa ule. Pumu, nimonia sugu, amerogwa, kifua cha baridi. Ukimuuliza mgonjwa "kuna TB nyumbani?" atasema hapana na atakuwa anasema alichofundishwa. Ukiuliza kama yule dokta, nani alikohoa muda mrefu, nani alikwenda kituoni kila asubuhi kumeza dawa mbele ya nesi, mkojo wa nani ulibadilika rangi, majibu yanakuja. Kwa hiyo kama una mzazi anayetaka kuanza dawa hizi kaa naye nyumbani muulize hivyo kabla ya kwenda hospitali, tena bila watu wengine sebuleni, mpigie na shangazi mkubwa anayejua mambo. Huko hospitali foleni ni ndefu na dokta ana dakika chache.

Baada ya hapo mama akapelekwa kipimo cha damu. Kinachojulikana zaidi kinaitwa QuantiFERON, kipo na kingine T-SPOT. Uzuri wake kwanza ni kwamba hakichanganywi na chanjo ya BCG. Kile cha ngozi kinaweza kuvimba kwa sababu ya BCG, hiki cha damu kinatumia protini mbili ambazo mdudu wa TB anazo na yule wa chanjo hana, zinaitwa ESAT-6 na CFP-10. Pili hurudi kusomwa mkono, unatoka damu mara moja. Ubaya wake ni bei na umbali, huku kwetu kinapatikana zaidi maabara binafsi za miji mikubwa na sampuli inasafirishwa, kwa hiyo uliza kabisa siku gani wanatoa damu ili isikae.

Damu inaingia kwenye mirija minne yenye vifuniko vya rangi. Wa kijivu hauna kitu, ni wa kulinganishia. Wa kijani na wa njano ndo ina zile protini za TB. Wa zambarau una kemikali ya kuamsha seli za kinga kwa ujumla, huo ndo unaokuambia kama kinga ya mgonjwa inaweza kujibu chochote. Inatikiswa, inakaa kwenye joto la mwili kwa saa 16 mpaka 24, halafu wanapima kiasi cha intaferoni gama kilichotoka, kemikali ambayo seli za kinga zinaitoa zikiamshwa. Kijani au njano ikizidi kijivu kwa 0.35 au zaidi inaitwa chanya.

Mimi ninaupenda huo mrija wa zambarau. Kile cha ngozi kikikaa kimya hujui kama ni kimya cha kutokuwepo TB au ni kimya cha kinga kulala. Hiki angalau kinakiri. Na kwa mama kilikiri, zambarau ilikuwa chini mno, jibu likaandikwa kwamba haliwezi kuamuliwa. Nesi aliyetupa karatasi akasema "si chanya mama, usiwe na wasiwasi." Hapana. Jibu lisiloamulika sio hasi na wala sio nusu ya hasi, ni kwamba kipimo hakijafanyika. Na linatokea zaidi kwa watu wa predinisoloni nyingi, yaani wale wale wanaohitaji kupimwa.

Bingwa akaamua kupunguza predinisoloni taratibu, wiki kwa wiki, jambo ambalo alikuwa anataka kulifanya hata hivyo. Usijaribu kuikatisha ghafla nyumbani ili kipimo kisome vizuri, mwili uliozoea steroidi ukikatishwa unaweza kuanguka vibaya, hiyo ni kazi ya daktari. Mama aliumia kipindi kile, viungo viliwaka, tulikuwa tunamvalisha. Akatoa damu tena. Zambarau ikapanda, na kijani na njano zote zikapita 0.35 kwa mbali. Chanya.

Angekuwa hajaanza predinisoloni, kipimo cha kwanza kingeweza kuwa kimetosha. Ndo maana siku hizi nawaambia watu wanaogunduliwa leo wamuombe daktari awapime TB iliyolala mapema, kabla ya steroidi kama hali inaruhusu, hata kama sindano hazijatajwa. Na kama mnafanya vyote viwili, damu itolewe kwanza au siku ile ile ya kuchoma ngozi, kwa sababu tuberkulini ya mkononi inaweza kulipandisha jibu la damu baadaye ikaleta mjadala.

Chanya ikitoka bado kuna swali jingine ambalo si ngozi wala damu inaweza kulijibu: imelala au imeamka? Vipimo vyote viwili vinasoma chanya kwa yote mawili. Hapo ndo inakuja kuulizwa kikohozi cha wiki mbili, homa za jioni, jasho la usiku linaloloanisha shuka, kupungua uzito. Inakuja eksirei ya kifua, ya mama ilionyesha kovu dogo la zamani juu ya pafu la kulia, limeshaweka chokaa, yaani alama ya pambano ambalo mwili ulilimaliza bila yeye kujua. Na makohozi yakapimwa kwa GeneXpert, mashine inayomtafuta mdudu wa TB mwenyewe, hakuna kitu. Usikubali mtu aruke hatua hii, kwa sababu mgonjwa mwenye TB iliyoamka akipewa dawa moja ya kinga anatengenezewa usugu.

Dawa za kumaliza TB iliyolala zipo za aina kadhaa, isoniazidi kila siku kwa miezi 6 au 9, isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa miezi 3, na nyingine zenye rifampisini. Watu wengi wangependa ile ya mara moja kwa wiki. Kwa mama hakupewa, kwa sababu rifapentini na rifampisini zinalifanya ini liimalize predinisoloni haraka, ungekuwa unameza na viungo vinawaka. Akapewa isoniazidi ya miezi 6 pamoja na vitamini B6 ya kuzuia ganzi miguuni. Na kwa kuwa metotreksati na isoniazidi zote zinaweza kuumiza ini, alikuwa anapimwa ini kila mwezi, na tukaambiwa tukiona macho ya manjano, mkojo mweusi, kichefuchefu kisichoisha, tuache dawa siku hiyo hiyo twende. Ukiwa na mgonjwa anayetumia leflunomidi, dawa nyingine ya baridi yabisi, ni vile vile.

Shida ya kipindi kile ilitoka kwa watu. Wifi yangu mmoja alipoona vidonge akaanza kumtengea mama kikombe. Sikugombana naye, nilimkalisha chini nikamweleza kwamba TB iliyolala haitoki kwa mate, haitoki kwa kikohozi, haitoki kabisa, mama anameza dawa ili asije akaumwa, haumwi. Akaelewa. Kikombe kikarudi kabatini na vingine. Lakini nilielewa vizuri sana mwaka ule mama na mjomba walikubaliana nini na kwa nini.

Baada ya mwezi mmoja wa isoniazidi bingwa akaruhusu sindano ianze, huku vidonge vikiendelea. Huo mwezi ndo utaratibu wa kimataifa. Na utaratibu unasaidia kweli, Hispania waliweka mwongozo wao wa kupima na kutibu kwanza mwaka 2002, na kwenye rejista yao ya wagonjwa wa sindano hizi TB ikashuka kwa asilimia 78. Walipochambua zaidi wakakuta pale mwongozo haukufuatwa hatari ilikuwa mara 7, na hatua iliyokuwa inarukwa zaidi ilikuwa kurudia kipimo cha ngozi kwa mtu aliyesoma hasi mara ya kwanza. Kurudia kwa aliyesoma hasi! Ndo pale pale mama alipotaka kupitishwa.

Mama sasa anaendelea na adalimumabu, anakanda unga. Mambo mawili yametokea tangu hapo ambayo naona yatawakuta na wengine. Kliniki moja aliyokwenda kwa ajili ya presha walimpima tena kile cha damu, kikasoma chanya, wakataka kumwanzishia dawa za TB upya. Kipimo hiki hakirudi hasi kwa uhakika hata ukimaliza dawa, kinga inakumbuka, kwa hiyo hakitumiki kuangalia kama umepona. Ilibidi nitoe karatasi ya Kibong'oto ya mjomba, za dawa za mama zenye tarehe ya kuanza na kumaliza, na eksirei ya zamani walinganishe. Zihifadhini hizo karatasi, zipigeni na picha kwenye simu. Na mnaokaa na mgonjwa wa sindano msisubiri kikohozi tu, angalieni na homa isiyoeleweka, tezi zilizovimba shingoni, tumbo kujaa maji, maana kwa wengi kwenye ile taarifa ya 2001 TB haikuwa kwenye mapafu peke yake.

La pili ni la juzi tu. Mtoto wa mjomba amekuja kutoka Mererani kutafuta kazi mjini, na yeye ameshuka mgodini miaka, amefika anakohoa. Mama akataka alale sebuleni kama mgeni yeyote. Nikamwomba alale kwangu kwanza, asubuhi nikampeleka kituo cha afya akatoa makohozi, akapigwa na eksirei, nikamwambia nesi wazi kabisa kwamba baba yake alitibiwa TB Kibong'oto na nyumbani kuna mgonjwa anayechomwa sindano za kushusha kinga. Hakuficha na yeye, alisema mwenyewe "baba alikuwa na TB" mbele ya foleni nzima. GeneXpert imesoma hana. Kifua kinachunguzwa kwa vumbi, ila kwa mama ameruhusiwa, na Jumapili alikuwa pale anamsaidia kuchambua mchele.